Siku Moja Pungufu

Mama Jadwiga Pytlak aliufungua mlango kiasi cha upana wa bega lake, na bega lenyewe halikusogea.

"Umekosea nyumba," alisema.

Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, theluji ya Buffalo isiyojua kuchoka, na Brigid Hanrahan alikuwa amesimama kwenye ngazi za mbele, ameshika kwa mikono miwili bakuli la samaki wa chumvi. Aliagizwa kuleta samaki hao tangu mwezi wa kumi na moja, wakati bado anaitwa mkwe katika nyumba hiyo. Leo ulikuwa mkesha wa Krismasi, saa kumi na robo alasiri. Jana, saa tano asubuhi, timu ya besiboli ya Millers ilikuwa imeshamuuza mdakaji mipira wake, Roman Pytlak, mtoto wa mtaa huu huu, kwa matajiri wa California.

Brigid alikuwa naibu wa meneja mkuu wa Millers. Alikuwa pia mchumba wa Roman. Tangu jana, vyeo hivyo viwili vilikuwa vimekataa kukaa ndani ya mtu mmoja.

"Mama, nimeleta samaki."

"Nimeona." Jadwiga alilipokea bakuli, akafunua kifuniko, akanusa. "Vitunguu havitoshi. Asante. Nenda salama."

"Naomba niongee na Roman."

"Mwongee nini? Mmesahau kumuuza na viatu? Viko stoo, ngoja nikuletee."

Sauti kavu ilitoka ndani. Ilikuwa ya shangazi Stasia, dada wa marehemu mzee Pytlak, mwenye miaka themanini na mmoja na ulimi wa miaka ishirini. "Jadwiga, ama mwingize ama funga, unga unapata baridi. Na muulize kama ofisi yao inauza na vikongwe. Niambiwe mapema nipange nguo."

Jadwiga alitazama barabarani. Jirani wa upande wa pili alikuwa ameegemea koleo lake la theluji na wala hachoti tena.

"Ingia," alisema. "Sitaki watu wapate sinema ya bure. Lakini koti usivue."

Jikoni kulikuwa na joto na harufu ya uyoga na kabichi chachu. Roman alikuwa amekaa kwenye meza ndogo ya dirishani, mbele yake chano cha pierogi, maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, akifunga kingo za unga moja baada ya nyingine kwa vidole vyake. Vidole hivyo Brigid alivijua kuliko vyake mwenyewe. Viwili vilikuwa vimepinda kwa kupigwa na mpira miaka kumi, na cha shahada kilikuwa hakinyooki kabisa. Majira yote ya joto yaliyopita vidole hivyo vilikuwa vikimchezea nywele wakitazama televisheni. Sasa vilikuwa na unga mpaka viganjani, na mwenyewe hakuinua uso.

"Simu yako mbovu?" Brigid aliuliza. Alikuwa amepiga mara ishirini na sita.

"Nzima kabisa. Ndiyo aliyonipigia bosi wako. Nilikuwa sokoni nimembebea Mama mti wa Krismasi begani, mtu ananiambia nimeuzwa. Nikamuuliza, na mti nauacha wapi?"

"Roman, mimi niliambiwa saa tano kasoro dakika kumi."

"Hongera. Umenizidi dakika kumi."

"Sikuwemo. Unajua sikuwemo. Tangu Agosti, tulipomwambia Colgrove kwamba tumechumbiana, jina lako likitajwa mkutanoni mimi natolewa nje. Nasimama kwenye mashine ya kahawa kama mtoto aliyeadhibiwa. Nimekunywa kahawa mbaya miezi minne kwa ajili yako."

"Pole na kahawa," alisema shangazi Stasia kutoka kwenye jiko, akikoroga supu ya bitiruti.

Roman aliweka pierogi chini. "Umetolewa nje mara ngapi mwezi huu?"

Brigid alitazama chano.

"Mara ngapi, Bri?"

"Mara tisa."

"Mara tisa. Mtu anatolewa nje mara tisa ndani ya wiki tatu, na hajiulizi humo ndani wanapika nini?"

"Nilijiuliza."

"Na jioni ukaja hapa ukala kwa Mama, ukanifuta mchuzi shavuni, hukusema kitu."

"Nilikatazwa. Ningesema ningepoteza kazi."

"Basi kazi imebaki," Roman alisema. "Kilichopotea ni mimi. Hesabu imekubali, si ndiyo mnavyosema kule?"

Neno hilo lilimchoma Brigid, naye alikuwa mtu wa South Buffalo, kwao watu hawachomwi wakanyamaza. Alilifungua koti lake kifungo kimoja, kwa ukaidi tu.

"Unataka hesabu? Nikupe hesabu. Mishahara ya timu yetu nzima, kuanzia wewe mpaka anayefua soksi, haifiki mishahara ya watu watano wa California. Watano, Roman. Wao wakikosea kumsajili mtu wanamtupa, wanasajili mwingine. Sisi tukikosea mara moja tunalia miaka minne. Wewe una miaka thelathini na miwili na magoti ya mzee wa sitini. Wametupa warushaji vijana watatu na wanabeba mshahara wako wote. Ningekuwa sikujui, ningesema Colgrove amefanya kazi nzuri."

"Na ukiwa unanijua?"

"Nikiwa nakujua, sijalala tangu jana."

"Magoti yangu," Roman alisema polepole, "yamezeekea hapa. Kila goti nimelizeesha hapa hapa. Mwaka ule nilipokuwa huru, timu nne zilinitaka, na moja ilinipa karibu mara mbili. Nikachukua kidogo nibaki kwetu. Mwenye timu akanishika bega akaniambia, sisi hatuandikii mtu yeyote kwenye mkataba kwamba hauzwi, lakini wewe tulia, ukitimiza miaka kumi ligi kuu, na mitano ya mwisho na timu moja, sheria yenyewe inakulinda, hakuna wa kukuuza bila ridhaa yako. Nikatulia. Unajua nina miaka mingapi?"

Brigid alijua. Ofisi nzima ilijua.

"Tisa," Roman alisema. "Tisa na siku mia moja sabini na moja. Kwa hesabu ya ligi, mwaka ni siku mia moja sabini na mbili. Nimebakiza siku moja. Siku moja, Bri. Aprili ningevaa sare asubuhi, nikae benchi hata nisiguse mpira, jioni mtu asingeweza kuniuza tena maishani. Ndiyo maana wameniuza Desemba."

"Wana haraka kweli," alisema Jadwiga.

"Siku hiyo haikupotea bahati mbaya, Mama. Kuna mtu aliihesabu. Mwaka wangu wa kwanza, nilipowika kambini na kila mtu akasema nafungua msimu, kuna mtu alikaa na kikokotoo, akaniacha timu ya chini huko Erie siku kumi na sita ili mwaka wangu usitimie. Siku kumi na sita." Macho ya Roman yakaenda ukutani.

Brigid hakuhitaji kufuata macho hayo. Ukutani, juu ya redio ya zamani, palikuwa na picha ya mzee Walter Pytlak, na pembeni mwa fremu ilikuwa imechomekwa tiketi ya mechi ya ufunguzi ya miaka kumi iliyopita, ambayo haikuchanwa mlangoni.

Alitamani sakafu ifunguke imchukue. Mtu ambaye Roman alimlaani kila Aprili, yule wa kikokotoo, alikuwa yeye.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mazoezi asiyelipwa hata nauli, kwenye chumba kisicho na dirisha. Aliambiwa aangalie habari ya mdakaji kijana. Akapiga hesabu. Msimu una siku mia moja themanini na saba. Mcheleweshe kijana siku kumi na sita, anamaliza na mia moja sabini na moja, mwaka haujatimia, na timu inakaa naye msimu mzima zaidi kabla hajawa huru kwenda atakako. Timu zote maskini zilifanya hivyo na hakuna aliyeona haya. Aliandika ukurasa mmoja. Walimsifu kwa ule ukurasa, wakamwajiri kwa ule ukurasa. Pytlak kwake lilikuwa jina kwenye mstari.

Hakujua kwamba mstari huo una baba. Mzee Walter alikuwa amevuta vumbi la kinu cha unga miaka thelathini na moja, mapafu yakamchoka, na Aprili ile alikuwa amelazwa sebuleni hapa, redio kifuani, tiketi chini ya mto. Alikufa siku ya kumi na tatu. Roman aliitwa siku ya kumi na saba.

Miaka mitatu iliyopita, mapenzi yao yalipokuwa bado machanga, Roman alimleta hapa akamwonyesha tiketi. Brigid alifungua mdomo aseme. Alipomwona anavyoigusa kwa ncha ya kidole kile kilichopinda, aliufunga. Atasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa pete, na sasa alimpenda mtu huyu kiasi cha kumwogopa.

Simu ya Roman ilianza kutetemeka mezani, katikati ya unga. Wote waliliona jina: Whit Colgrove, meneja mkuu.

"Mpokee," alisema shangazi Stasia. "Weka sauti juu. Sijatukana mtu tangu asubuhi."

Roman alibonyeza kwa kifundo cha kidole. "Sema."

"Roman, samahani, najua ni sikukuu," sauti ya Colgrove ilijaa jikoni. "Daktari wa California anataka kukuona tarehe ishirini na saba. Tiketi ya ndege nimekutumia."

"Nina swali moja. Brigid alikuwemo chumbani?"

"Brigid? Angekuwemo ningekuwa sina meno. Hakujua kitu. Jana nilipomwambia alinirushia kikombe, bado kuna kahawa kwenye ukuta wangu. Roman, yule mwanamke amekupigania miaka mitatu. Kila msimu kuna mtu analeta wazo la kukuuza, na mpaka Agosti alikuwa analichana mbele yangu. Nilimtoa nje kwa sababu ndani alikuwa hanipi nafasi ya kupumua."

Roman alikata simu bila kuaga.

Supu ilichemka. Jadwiga alijifuta mikono kwenye aproni mara mbili, ingawa ilikuwa mikavu tangu mara ya kwanza.

Roman aliinua macho akamtazama Brigid, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Yalikuwa mekundu, macho ya mtu aliyelia peke yake kwenye gari. Alisimama, mrefu, goti likalia, akamkaribia mpaka harufu ya unga na sabuni ikamfikia.

"Kikombe kipi?" aliuliza.

"Kile cha bluu."

"Si nilikupa mimi kile?"

"Ndicho kilichokuwa karibu."

Roman alikaribia kucheka. Aliinua mkono, akakumbuka unga, akautumia hivyo hivyo kumfungulia kifungo cha pili cha koti, na cha tatu, vikabaki na alama nyeupe. "Nimekuonea," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana nimekuwaza vibaya kila dakika. Vua koti, Bri. Njoo na mimi California. Kule nako kuna ofisi. Au usifanye kazi kabisa, utukane mashabiki tu pale jukwaani, unaweza."

"Roman."

"Sisemi uamue sasa. Nasema vua koti."

Alilivua. Angefanya nini kingine? Kila kiungo mwilini mwake kilikuwa kikimwomba anyamaze. Angekwenda. Wangeondoka pamoja, tiketi ile ingebaki ukutani, na siku ile moja ingebaki kuwa kosa la ofisi, la watu wasio na sura. Hakuna mtu hai aliyejua. Bosi wa wakati ule alikwishafariki, na ukurasa wenyewe haukuwa na jina. Ilimtosha kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa fundi.

Jadwiga alipita katikati yao bila kusema kitu, akaenda chumba cha chakula. Brigid alimwona kupitia mlangoni. Meza ilikuwa tayari: nyasi kavu kidogo za kukumbushia hori la Yesu chini ya kitambaa cheupe, sahani tatu za wenyeji, na ya nne mwisho wa meza, kwenye kiti alichokuwa akikalia mzee Walter. Ile ya nne ni ya mgeni asiyejulikana; kila mwaka huwekwa, maana jioni ya leo yeyote akibisha lazima akaribishwe. Jadwiga alitoa kabatini sahani ya tano, ile yenye mchoro wa maua aliyomwekea Brigid mwaka jana na mwaka juzi, akaisukumiza kando ya sahani ya Roman.

"Nyota imetoka?" aliuliza kutoka huko, maana jioni hii hawali kabla nyota ya kwanza haijaonekana, kwa sauti iliyokuwa ikijitahidi kuwa ya kawaida.

Shangazi Stasia alichungulia dirishani, kwenye ukungu wa theluji. "Nyota gani? Buffalo hii? Mimi nyota ya mkesha niliiona mara ya mwisho nikiwa na kiuno. Saa kumi na moja kasoro. Inatosha, tukae."

Walisimama kuizunguka meza, kama ilivyo desturi, na Jadwiga akafunua kitambaa kidogo chenye kaki nyembamba za ngano zilizobarikiwa kanisani. Kabla ya kula, kila mmoja huivunja ya mwenzake kipande, akamtakia heri, na kama kuna neno kati yao, analisema hapo likaisha. Kwa kawaida Jadwiga huanza na mwanawe. Leo alizunguka meza, akasimama mbele ya Brigid.

"Nimekutukana mlangoni mwangu," alisema. Hakuwa mtu wa kuomba radhi na uso wake ulionyesha. "Mimi tangu mwanzo sikukutaka. Nilimwambia Roman, mwanamke wa ofisi ile atakulaza kitandani na kukuuza sokoni. Jana nikasema, si nilisema. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa nilikuwa sahihi. Kumbe ulikuwa unamtetea. Nimekudhania uovu ambao si wako. Vunja, mwanangu."

Kaki ilikuwa mbele ya kifua chake. Mwanangu. Miaka mitatu Brigid alikuwa akilingoja neno hilo.

Aliinua mkono. Vidole viligusa ukingo wa kaki, na hapo vikagoma.

"Siwezi," alisema.

"Bado una hasira na mimi?"

"Hapana, Mama. Ile hesabu ya Erie." Sauti yake ilikuwa ndogo, akailazimisha. "Zile siku kumi na sita. Niliyezihesabu ni mimi."

Akaendelea, kwa sababu angekomea hapo asingeanza tena. "Nilikuwa mwanafunzi pale. Waliniuliza tukimchelewesha tunapata nini, nikawaandikia. Kumi na sita zilitosha, nikasema kumi na sita. Sikumjua Roman. Sikujua kuna mgonjwa. Lakini niliyeandika ni mimi."

"Unasema nini?" Roman aliuliza, kana kwamba ameambiwa kwa lugha nyingine.

"Jana umeuzwa kwa sababu ya siku moja. Hiyo siku niliitoa mimi."

"Sikuulizi ya jana." Alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Jana ni mpira. Nakuuliza ya baba. Ulijua lini?"

"Siku uliponionyesha tiketi."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Miaka mitatu unakaa kwenye meza hii, mgongo wako kwenye tiketi ile. Kila Aprili nakusimulia, nalaani, nawe unanishika kichwa unaniambia pole. Ulikuwa unanipa pole ya nini? Ya kazi yako mwenyewe?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi ukahesabu tena," Roman alisema. "Ukapiga hesabu ukaona nikichelewa kujua, unakaa na mimi muda zaidi. Ni kitu kile kile, Brigid. Umenifanyia mara mbili kitu kile kile."

Hakuwa amemwita Brigid, jina zima, tangu walipojuana. Na alichosema kilikuwa kweli.

Jadwiga alikuwa bado ameshika kaki. "Kila asubuhi aliuliza," alisema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Leo wamemwita? Namwambia bado, labda kesho. Siku ya kumi na mbili akaniambia, Jadzia, huenda mtoto hana kiwango, tusimlaumu. Alikufa akidhani mwanawe hana kiwango."

Shangazi Stasia alikaa.

"Nitaondoka," Brigid alisema. Koti lake lilikuwa kwenye kiti cha jikoni, na alama mbili za unga kwenye vifungo.

"Ondoka," alisema Roman.

"Hapana." Jadwiga aliirudisha kaki kwenye kitambaa. Kisha akaichukua ile sahani ya maua kando ya sahani ya Roman, akaifuta kwa aproni ingawa haikuguswa, akairudisha kabatini na kufunga mlango wa kabati. "Leo kwenye nyumba hii hafukuzwi mtu. Walter hakumfukuza hata mlevi aliyetutapikia kwenye zulia mwaka ule. Sitavunja desturi kwa ajili yake huyu." Alionyesha mwisho wa meza kwa kidevu. "Akae pale."

Pale palikuwa kiti cha mgeni. Brigid alikaa. Mbele yake, mbali sana ingawa meza haikuwa kubwa, walikuwa watu watatu aliowapenda, na juu ya vichwa vyao ilikuwa picha ya mzee na tiketi yake. Alielewa kwamba kukaa hapo ilikuwa adhabu kubwa kuliko baridi ya nje, na kwamba Jadwiga alijua.

Roman alivunja kaki na mama yake. Walishikana muda mrefu, bega lake kubwa likitikisika. Akavunja na shangazi Stasia, aliyemsugua shavu kwa kiganja kikavu akamwambia asisahau kuvaa soksi huko California, joto pia linaua. Hawakuanza kula, maana mgeni naye huvunjiwa, na mwenye nyumba mwanamume ndiye humwendea. Tangu mzee Walter afariki, mwenye nyumba mwanamume alikuwa Roman.

Alikuja. Kila hatua Brigid aliihesabu, hakujua kuacha. Alisimama mbele yake na kaki iliyobaki kiganjani, akamtazama, na macho yale yaliyomtazama jikoni nusu saa iliyopita hayakuwemo tena ndani yake.

"Kiti hiki tunamwekea mtu tusiyemjua," alisema. "Nilidhani nakujua. Unaitwa nani?"

Shangazi Stasia aliinamisha kichwa. Jadwiga alitazama supu.

Brigid angeweza kulia, na kilio kilikuwa karibu kabisa, lakini aliona kwamba kulia kungekuwa kumwomba kitu, naye hakuwa na cha kumwomba.

"Brigid Hanrahan," alisema. "Natoka ofisi ya Millers. Miaka kumi iliyopita nilimhesabia mwana mmoja wa nyumba hii siku, na baba yake akafa akimngoja. Nimechelewa miaka mitatu kuja kusema."

Kidole kile cha Roman kilichopinda kilikuwa kikigusa ukingo wa kaki. Kisha alivunja kipande kidogo, kiasi cha ukucha, na hakukiweka mkononi mwa Brigid. Alikiweka kwenye sahani.

"Kula, Brigid Hanrahan," alisema. "Nje ni baridi. Ukishakula, uende."

Akarudi kwenye kiti chake. Jadwiga alipakua supu, mabakuli matatu kwanza, halafu la nne, akalipitisha mkono kwa mkono mpaka mwisho wa meza. Brigid aliokota kile kipande. Kaki ya mkesha haina ladha, haijawahi kuwa nayo. Aliitafuna polepole mpaka ikaisha, kisha akashika kijiko.